Sufuria Yangu Kwenye Kabati la Vioo

Ile sufuria ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu pale ofisi ya afya ya mkoa, kwenye kabati la vioo la mapokezi, wameweka kibao cha herufi za dhahabu kinachosema "Ubunifu wa Muuguzi Bora wa Mkoa", na mimi sikutajwa hata kwa bahati mbaya. Wala sitaki sifa. Nilichotaka ni sufuria yangu, na hata hiyo nilikuwa naitaka kabla sijaona walichoifanyia.

Ni sufuria ya presha, ile kubwa ya kupikia watu wengi, yenye mfuniko wa kuzungusha na kidude cha juu kinachopiga mluzi mvuke ukijaa. Niliachiwa na mama mmoja niliyekuwa nampikia nyumbani kwake. Alipohama aliona haiingii kwenye mizigo, akaniambia chukua. Za namna ile haziuzwi huku kwetu. Madukani kuna zile ndogo za maharusi, ukitia maharage ya familia yanakutemea usoni. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Si mngenunua nyingine?", ajue nimeshaulizwa na watu wengi na hasira zangu ziko karibu.

Muuguzi bora mwenyewe ni wifi yangu. Ameolewa na kaka yangu, fundi wa pikipiki, na tunaishi ua mmoja, jiko moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Tuligombana mwaka wa kwanza, kama mawifi wanavyotakiwa, kisha tukachoka. Siku hizi tunataniana tu. Mimi humwambia kaka yangu alioa koti jeupe, mtu aliyekuwa ndani yake hakumwona. Yeye hunijibu kwamba mimi mume alinirudisha kwa sababu ya mdomo. Yote mawili yana ukweli ndani yake.

Kazi yake ni ukunga, kwenye zahanati ya mwisho wa barabara, pale lami inapokata tamaa. Ina chumba kimoja cha kuzalishia, na ufunguo wa kufuli lake wifi anauvaa shingoni kwa uzi wa bendeji, hata akienda msibani. Nje kuna benchi la saruji ambapo wajawazito hukaa wakijipepea kwa vipande vya boksi. Wifi si mtu wa maneno mengi. Ni mtu wa taratibu. Vyombo vyake vya kuzalishia, mkasi, koleo na sindano ya kushonea, huvifunga ndani ya kitambaa na kuacha kona moja imechomoza nje, ili anayefungua ashike hapo tu, asiguse ndani. Mkono umezoea mpaka basi. Hata vitenge vyangu akinianulia hunikunjia na kona moja nje, na mimi navivaa hivyo hivyo vina alama.

Zahanati ilikuwa na mashine yake ya kutakasia vyombo. Ikaanza kuvuja mvuke kwenye mfuniko. Akaja fundi kutoka mkoani, akauchomoa mpira wa mfuniko, akasema anaenda nao kutafuta unaofanana. Mpaka leo yuko njiani. Kaka yangu alijaribu kukata mwingine kutoka tairi la ndani la pikipiki. Ulinuka kama ajali, kisha ukayeyuka. Mkoani wakasema mpira peke yake hauagizwi, huagizwa mashine nzima, na mashine nzima husubiri bajeti. Wifi akaomba mashine. Mwaka uliofuata akaomba tena. Aliomba mpaka karani wa huko akawa anamtambua kwa sauti na kumuulizia hali ya watoto.

Ndipo jioni moja akanijia jikoni amesimama kwa adabu nisiyoizoea.

"Wifi, naomba ile presha yako. Siku mbili tu."

"Unapikia nani?"

"Nachemshia mikasi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba maji ya kuchemka kwenye sufuria ya kawaida huua vijidudu vingi lakini si vyote, na kwamba vile vinavyobaki ndivyo vinavyomletea mama aliyeshonwa homa, wiki ikiisha. Mvuke uliobanwa ndani ya presha ndio unaovimaliza. Nikampa. Siku mbili za wifi yangu hazijaisha mpaka leo. Maharage yangu yakarudi kwenye mkaa, yanaiva kwa hiari yao, na kaka yangu anakula saa yanazozitaka maharage.

Nakiri ilifanya kazi. Wifi aliiweka kwenye jiko la gesi kwenye baraza ya nyuma ya zahanati, na ule mluzi ukawa unasikika mpaka benchi la nje. Wajawazito wakauzoea. Ukipiga, utamsikia mmoja anamwambia mwenzake, "Haya, vyombo tayari, sasa hata mimi naweza kuanza." Waliokuwa wakienda kujifungulia nyumbani kwa kuogopa zahanati chafu wakaanza kuja. Mimi mwenyewe nikipita njia ile nikausikia, nilikuwa nasimama kidogo. Sufuria yangu hiyo inalia, nasema moyoni.

Halafu wakaja watu wa tuzo.

Tuzo za Afya za Mkoa hutolewa kila mwaka, na mwaka ule walitaka vituo vidogo. Wakaja na gari safi na kamera. Kiongozi wao alikuwa bwana mmoja mnene, mwenye tabasamu lisilozimika, ambaye kila sentensi yake ilianza na hongera. Hongera kwa kazi, hongera kwa usafi, hongera kwa benchi. Nikambatiza Bwana Hongera, na jina limemkaa.

Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea wifi chakula. Nilimwona anavyowatembeza. Hakuanzia kwenye vitanda wala kwenye ukuta alioupaka chokaa kwa mshahara wake. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye mashine iliyokufa, akafunua mfuniko, akawaonyesha pale mpira ulipokuwa.

"Hiki ndicho ninachokihitaji," alisema. "Mengine nitajitahidi."

"Hongera," akasema Bwana Hongera, macho yake yameshafika barazani. "Na ile kule ni nini?"

Ilikuwa sufuria yangu, imeanza kupiga mluzi. Wakaikimbilia kama watoto wameona sinema. Wakampiga wifi picha ameishika, ameiinamia, ameifunika, ameifunua. Mvuke ukawafurahisha kupita kiasi.

"Huu ni ubunifu!" Bwana Hongera alisema.

"Hii ni aibu, baba, si ubunifu," wifi akamjibu. "Mama anakuja kuzaa, mimi namchemshia mikasi kwenye chombo cha maharage."

Bwana Hongera akageukia wenzake. "Na mnyenyekevu pia! Mmesikia?"

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na nililiona kwa macho yangu. Kuanzia siku ile, kila wifi alipolalamika walisikia unyenyekevu. Angepiga kelele nyumba inaungua wangemsifu kwa sauti nzuri.

Habari ikaja kwamba ameshinda. Kaka yangu alizunguka mtaa mzima na pikipiki ya mteja. Wifi yeye alifurahia jambo moja tu: mshindi hupewa nafasi ya kusema mbele ya wakubwa wote wa mkoa, wale wale wanaogawa mashine.

"Nikisema mbele za watu, watakataaje?" aliniuliza.

Tukafanya mazoezi jikoni. Nilimshikia mwiko kama kipaza sauti. Maneno yake yalikuwa machache: anashukuru, anaomba mashine moja ya kutakasia vyombo, kina mama wanaiomba pamoja naye. Aliyarudia akimenya viazi, akikunja nguo. Nilimwambia atabasamu. Akasema kutabasamu ndiko kulikomponza.

Bwana Hongera alikuwa ameagiza sufuria nayo iletwe, "kwa ajili ya kuonyesha tu". Nilisafiri nayo mapajani mpaka mjini. Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa na maua ya plastiki yenye vumbi. Sufuria ikawekwa jukwaani juu ya kitambaa chekundu, na mimi, mwenye mali, nikawekwa nyuma karibu na mlango wa choo.

Mshereheshaji akapaza sauti: "Chanda chema huvikwa pete!" Wifi akapanda na gauni aliloazima, akapewa kinyago cha kioo chenye umbo la mikono miwili. Akashika kipaza sauti. Nilijikuta nasema naye maneno yote kimoyomoyo. Alishukuru. Akaomba mashine. Alisema wazi, bila kutetemeka, kwamba asingetaka mkunga mwingine yeyote afanye kazi kama yeye anavyofanya.

Ukumbi ukacheka. Kisha ukapiga makofi, watu wamesimama.

"Mnaona!" mshereheshaji alisema, tayari ameshampokonya kipaza sauti. "Hata siku yake ya furaha anafikiria kazi!" Muziki ukapigwa. Wifi alibaki amefungua mdomo, sentensi yake ya mwisho haijatoka.

Halafu akasimama mkubwa wao. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akaionyesha sufuria yangu kwa kidole. "Huyu mama ameweza. Nyinyi wengine mnaolia vifaa kila siku, mnashindwaje?"

Wauguzi walijaa ukumbini, na niliona vichwa vinavyogeuka kumtazama wifi yangu. Havikuwa vinamtazama kwa wema. Tulipoenda kunawa, mmoja wao, mtu mzima wa makamo yake, alikuwa anajifuta mikono. Hakumpa hongera.

"Dada, umetumaliza," alimwambia. "Sisi mashine yetu ilikuwa karibu kutoka. Sasa tutaambiwa tutafute masufuria."

"Si nimeomba mashine? Hukunisikia?"

"Mimi nilikusikia. Wao je?"

Wifi aliendelea kunawa muda mrefu baada ya yule dada kuondoka.

Tulipotaka kuondoka nikaenda jukwaani kuchukua mali yangu. Bwana Hongera akanizuia kwa mikono miwili. Sufuria sasa ni ya maonyesho, akasema, itakaa ofisi ya mkoa vituo vingine vije kujifunza. Nyingine tutaletewa. Lini? Hongera, msiwe na wasiwasi.

Kilicholetwa ni picha ya wifi ndani ya fremu. Kile kinyago cha kioo kaka yangu anakitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo, na kwa kazi hiyo kinafaa.

Kwa hiyo zahanati ikabaki bila mashine na bila sufuria, ila na picha. Wifi akaanza kuwaelekeza wajawazito hospitali kubwa, safari ya kutwa kwa gari lolote litakalopatikana. Aliwaambia ukweli: sina cha kutakasia. Wengine walimwelewa. Wengine walidhani tuzo imempanda kichwani, hataki tena kushika watu wa kawaida. Mke wa fundi cherehani wa mtaani kwetu alikwenda, hakufika. Alijifungulia njiani nyuma ya gari la mizigo, katikati ya magunia ya vitunguu, dereva ameshika tochi ya simu na kumwomba Mungu kwa sauti. Mama akapona, mtoto akapona. Wifi alipopata habari alikaa kwenye kizingiti na viatu vyake vya kazi, hakuingia ndani, hakula.

"Nikanunue hata ile ndogo?" nilimuuliza.

"Mkasi haulali humo." Kisha akaniangalia, na sijawahi kumwona na uso ule. "Na ukilala, wifi, si watanipa tuzo nyingine?"

Alipiga simu mkoani mara nyingi. Chombo cha maonyesho hakitoki bila kikao, walimwambia. Kikao lini? Mwenyekiti amesafiri. Mwishowe akasema kesho twende, nami nikavaa viatu vya kugombana.

Tuliikuta mapokezi, ndani ya kabati la vioo, imesuguliwa inang'aa kuliko siku niliyopewa. Juu yake picha ya wifi akicheka, ingawa hakucheka siku ile, nadhani mvuke ulimfanya akunje uso. Bwana Hongera akaja mbio, amefurahi kweli. Kusema haki yule mtu hana roho mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

"Nimekuja na kitu cha kuongeza kwenye maonyesho," wifi akamwambia.

Bwana Hongera akafungua kabati haraka. Wifi akaingiza mikono, akashika masikio ya sufuria, akainua. Haikuinuka. Akavuta. Nikasogea, nikafungua mfuniko, nikatazama ndani. Katikati ya kitako kulikuwa na nati, na bolti imepita mpaka kwenye ubao. Walikuwa wameitoboa.

Sitayaandika niliyoyasema. Msichana wa mapokezi alitoka nje.

"Ni kwa usalama tu, mama," Bwana Hongera alijitetea. "Watu siku hizi wana mikono mirefu."

Wifi hakupaza sauti. "Mashine yangu je?"

"Ah, hiyo. Vituo vyenye njia mbadala vimesogezwa mwisho. Na njia yenu, hongera, ndiyo iliyotambuliwa rasmi."

"Njia yenyewe ndiyo hii mmeitoboa."

"Lakini wewe ni mbunifu. Utapata nyingine tu, nakufahamu." Akaongeza kwa upole, "Kuvunjika kwa koleo, mama..."

"Si mwisho wa uhunzi," wifi akamalizia. "Na mhunzi akiungua mikono, kuna anayemuuliza?"

Akauvua ule uzi wa bendeji shingoni. Akautia ufunguo ndani ya sufuria, ukagonga nati, akarudisha mfuniko na kuuzungusha ukabana, kama anavyofanya siku zote.

"Huo ni wa chumba cha kuzalishia. Nilikifunga asubuhi. Muuonyeshe nao."

Bwana Hongera alitufuata mpaka barabarani akisema wifi hawezi kufunga huduma, hawezi, watu watasemaje. Wifi hakugeuka. Mimi niligeuka, nikamtazama vizuri tu. Njia nzima nilikuwa na furaha isiyo na kiasi. Nilimwambia wifi leo ndiyo siku niliyokukubali, hata ungekunja vitenge vyangu kona nne nje. Alicheka kidogo. Nikaamini tumeshinda.

Kesho yake asubuhi tulikaa kwenye benchi la zahanati kuwaelekeza wajawazito hospitali kubwa. Akaja msichana, mjamzito wa kwanza siku hiyo, anatembea ameshikilia ukuta. Mama yake hakuwa amesikia habari yoyote ya ufunguo. Wifi akampima palepale kwenye benchi, akainua uso, na nikajua. Hospitali kubwa isingefikika. Mtoto alikuwa amekaribia mno.

Wifi alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akaligusa kufuli, kisha akaigusa shingo yake mahali pasipo na uzi.

"Mwite kaka yako," alisema. "Aje na msumeno wa chuma."

Kaka akalikata kufuli huku msichana anapiga kelele na wifi anamwambia pumua, mwanangu, pumua. Mimi nikakimbilia nyumbani, nikamwaga maharage kwenye beseni, nikasugua sufuria yangu ya kawaida na kurudi nayo. Nikaijaza maji, nikawasha jiko la barazani, nikatumbukiza mkasi na koleo kama nilivyoelekezwa. Wifi alipita ananawa mikono mpaka viwikoni. Hakunitazama. Alikuwa analia bila sauti, machozi anayafutia begani kwa sababu mikono ilikuwa safi.

Simu yake ikaita mfukoni mwa koti lake lililotundikwa msumarini. Nikaipokea mimi. Alikuwa Bwana Hongera. Alitaka kujua kama bado tumefunga, maana mkubwa ameuliza. Kabla sijajibu, msichana akapiga ukelele ndani, na wifi akasikika akimtia moyo.

"Anazalisha!" Bwana Hongera alisema, na nilisikia roho yake inavyotulia. "Nilijua tu. Nilimwambia mkubwa, yule mama hawezi kuwaacha watu. Ndiyo maana tulimchagua."

Nikaisogeza simu karibu na jiko, nikaishikilia hapo juu ya sufuria.

"Haloo?" aliita. "Haloo? Nasikia maji tu yanachemka."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni maji tu."